Mvuke Kando ya Reli: Upishi wa Kichina Kutoka Hemudu Hadi Tunduma

Upishi wa Kichina uliingia Tunduma pamoja na reli. Mwaka 1973, miaka mingi kabla ya migahawa ya Kichina kuenea Dar es Salaam, wajenzi Wachina wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, walikuwa wakipika vyakula vya kwao katika kambi zilizofuatana kutoka Makambako, kupitia Mbeya, Mlowo na Vwawa, hadi mpakani mwa Zambia. Majiko hayo hayakuwa na wateja wala orodha ya bei. Yalilisha watu wa kazi, yakahamishwa kila reli iliposogea, na kazi ilipokwisha yakaondoka. Ndiyo sababu historia ya mlo wa Kichina katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe haianzii mgahawani, na ndiyo sababu pia sehemu yake muhimu zaidi, yaani upishi wa mvuke, haikuacha alama kubwa kwenye sufuria za wenyeji.

Kupika kwa mvuke ni ufundi wa kale kuliko maandishi ya Kichina yenyewe. Huko Hemudu, katika jimbo la Zhejiang, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vyungu vyenye matundu kwenye kitako, vilivyotumika takriban miaka 7,000 iliyopita. Chungu cha namna hiyo, kiitwacho zeng, kiliwekwa juu ya chungu kingine chenye maji. Maji yalipochemka, mvuke ulipenya kwenye matundu ukaivisha nafaka bila nafaka kulowa. Enzi ya Shang ilivitengeneza vyombo hivyo kwa shaba nyeusi, na kimojawapo kimepata umaarufu wake: vyungu vitatu vya mvuke vilivyokaa juu ya meko moja ndefu, vilivyozikwa huko Anyang yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo pamoja na Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding na jemadari wa vita. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1976, mwaka uleule ambao China iliikabidhi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia. Ni sadfa tu, lakini inafaa kukumbukwa: mama huyo alistahili, kwa hesabu ya watu wa zama zake, kwenda ahera na jiko la kupikia vyakula vitatu kwa moto mmoja.

Mwanzoni kilichopikwa kwa mvuke kilikuwa punje nzima, nafaka ndogo za jamii ya ulezi upande wa kaskazini na mchele upande wa kusini. Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa enzi ya Han, mawe ya kusagia yalipoenea na ngano ikaanza kuliwa kama unga. Unga ulikandwa, ukaumuka, kisha ukawekwa juu ya mvuke. Kumbukumbu za enzi ya Jin zinamtaja He Zeng, waziri wa karne ya 3, aliyekataa kula mkate wa mvuke usiopasuka juu kwa umbo la msalaba. Mpasuko huo ni dalili ya unga uliochachuka vizuri. Simulizi inayopendwa zaidi inadai kwamba mantou, mkate mweupe usio na kitu ndani, ulibuniwa katika karne hiyohiyo na jemadari Zhuge Liang ili utolewe kafara mtoni badala ya vichwa vya watu. Wanahistoria hawaichukui hadithi hiyo kuwa ushahidi wa lolote, na bado inasimuliwa. Ndugu yake mantou ni baozi, unga uleule uliofungwa kwa nyama au mboga ndani.

Kwa nini China ilichagua mvuke pale ambapo Mashariki ya Kati na Ulaya zilichagua tanuri? Sehemu kubwa ya jibu ni kuni. Tanuri humeza moto mwingi kabla ya mkate wa kwanza kuingia. Karai moja la maji, likiwekewa vikapu vya mianzi vitano au sita vilivyobebana, hupika samaki, mayai, mboga na mkate kwa wakati mmoja, kwa moto wa chungu kimoja. Mvuke nao hubeba joto jingi. Unapogusa chakula kilicho baridi hugeuka kuwa maji, na katika kugeuka huko huachia joto lote ulilochukua jikoni, jambo ambalo hewa kavu ya tanuri haiwezi. Kikapu chenyewe kina siri yake: kifuniko cha mianzi hunyonya unyevu, ilhali kifuniko cha bati hudondosha matone juu ya unga na kuuacha na madoa yanayonata. Mpishi anayetumia sufuria ya kawaida hulazimika kufunga kitambaa chini ya kifuniko ili apate matokeo hayohayo.

Ufundi huo ulizaa migahawa ya namna tofauti kwa kila jimbo. Guangdong kuna nyumba za chai ambako wateja hunywa chai asubuhi huku wakiletewa vikapu vidogo vyenye vipande vitatu vitatu au vinne vinne vya unga mwembamba uliofunga kamba au nyama. Kile cha kamba, ambacho unga wake huonyesha hadi rangi ya kitu kilichomo, kilipata sifa mjini Guangzhou mwanzoni mwa karne ya 20. Hubei inajulikana kwa mvuke wa aina tatu wa Mianyang, mji ambao sasa unaitwa Xiantao: nyama, samaki na mboga, vyote vikiwa vimepakwa unga wa mchele kabla ya kuingia jikoni. Liuyang, katika jimbo la Hunan, ndiko kuliko na migahawa inayouza mvuke na karibu hakuna kingine. Vibakuli vingi vidogo hupangwa ndani ya kabati kubwa la mvuke, kila kimoja na chakula chake, pilipili na maharage meusi yaliyochachushwa yakitawala ladha. Mteja hujichagulia, hulipia vibakuli alivyochukua, na huletewa wali. Ni chakula cha haraka cha mtu wa kawaida, na cha kushangaza ni jinsi kinavyokaribiana na utaratibu wa mama lishe, ambaye naye hupanga masufuria yake mbele ya mteja ili achague kwa macho.

Kilichouleta upishi huo hadi kusini magharibi mwa Tanzania kilikuwa siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini, ikajikuta imebanwa. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Julius Nyerere alizuru China Februari 1965, Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, akaja Tanzania Juni mwaka huohuo, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ukatiwa saini mjini Beijing. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Usanifu ulifanywa na taasisi ya tatu ya upimaji na usanifu wa reli yenye makao yake Tianjin, mji wa kaskazini ambao chakula chake mashuhuri kuliko vyote ni baozi za duka la Goubuli, lililoanzishwa mwaka 1858. Jiwe la msingi liliwekwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970.

Katika kilele cha ujenzi, mwaka 1972, Wachina zaidi ya 13,000 walikuwa kazini pamoja na makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia. Njia yote ni kilomita 1,860, kati ya hizo 975 zikiwa Tanzania. Kipande kigumu kilikuwa kutoka Mlimba hadi Makambako, ambako mahandaki na madaraja yalifuatana bila nafasi ya kupumua. Baada ya Makambako ardhi ilitulia, kasi ikaongezeka, na Agosti 1973 reli ikafika Tunduma na kuvuka mpaka.

Kuwalisha watu hao ilikuwa kazi ya peke yake. Kanuni nane za misaada ambazo Zhou Enlai alizitangaza mwaka 1964 ziliagiza kwamba wataalamu wa China waishi kwa kiwango kilekile cha wataalamu wa nchi waliyokwenda, bila kudai starehe za pekee. Kwa upande wa chakula, kanuni hiyo ilitekelezwa kwa kujitegemea. Mchele, mboga zilizokaushwa na nyama ya makopo vilikuja kwa meli. Mboga mbichi zilitoka kwenye bustani zilizolimwa kando ya kambi, na nyama kwenye mabanda ya nguruwe na kuku yaliyofuata palepale. Wageni waliotembelea ujenzi huo walishangazwa na bustani kuliko mitambo. Kambi ilipohamia mbele, matuta ya mboga yalibaki nyuma.

Jiko la kambi lina hesabu zake, na hapo ndipo mvuke unapofaa. Wali wa watu mia mbili ukichemshwa kwenye pipa huungua chini na kubaki na kiini juu. Ukivukizwa kwenye trei zilizopangana huiva sawasawa, na mpishi hana haja ya kuukoroga. Mkate wa mvuke hauhitaji tanuri la kujengwa na kubomolewa kila baada ya miezi michache. Mtu wa kaskazini mwa China, awe mpimaji wa Tianjin au daktari wa Shandong, jimbo ambalo limekuwa likituma timu za madaktari Tanzania Bara tangu mwaka 1968, hula mkate huo kama Mtanzania anavyokula ugali.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho ramani ya reli inakionyesha vizuri. Reli inaanzia usawa wa bahari na kupanda hadi mita 1,789 huko Uyole, karibu na Mbeya, ambapo ndipo mahali pa juu kabisa katika njia yote. Kiwango cha maji kuchemka hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam huchemka kwa karibu nyuzi 94 Uyole, na kwa karibu 95 Tunduma, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mvuke hauwezi kuwa na joto kuliko maji ulikotoka, isipokuwa chombo kimefungwa kwa shinikizo. Chakula cha mvuke hivyo huchelewa kuiva nyanda za juu, kama ambavyo kila mpika maharage wa Mbozi anavyojua bila kusoma fizikia.

Wajenzi walikula peke yao. Kambi za Wachina na za Waafrika zilikuwa mbalimbali, kila upande na jiko lake. Kazini walichanganyika kutwa nzima, wakafundishana kupasua mwamba na kutandika mataruma, lakini saa ya chakula kila mmoja alirudi kwao. Nguruwe aliongeza umbali kwa wafanyakazi Waislamu, ingawa katika nyanda za juu kusini, ambako kitimoto ina wapenzi wengi, hiyo peke yake haiwezi kuwa sababu. Sababu kubwa ilikuwa nidhamu ya kambi: watu waliletwa kujenga, hawakuletwa kufungua maduka, wengi wakiwa wamekuja bila familia na kwa muda maalumu. Katika San Francisco ya karne ya 19, migahawa ya Kichina ilizaliwa kwa sababu wahamiaji walibaki na kutafuta riziki. Wajenzi wa TAZARA walirudi makwao, isipokuwa wataalamu waliobaki kusaidia uendeshaji na wale waliofia kazini, ambao makaburi ya baadhi yao yanatunzwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Vitu vyao, tofauti na mapishi yao, viliingia majumbani. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa utaratibu wa mkopo wa bidhaa: Tanzania na Zambia zilipokea bidhaa za China, zikaziuza madukani, na shilingi na kwacha zilizopatikana zikalipa mishahara na vifaa. Kwa miaka kadhaa mashirika ya biashara ya serikali yalijaa vitambaa, baiskeli na vyombo vya nyumbani kutoka China. Mtu wa Vwawa aliweza kupakua ugali kwenye bakuli la Kichina bila kuwahi kuonja chakula ambacho bakuli hilo lilitengenezewa.

Mpunga nao ulipata nafasi yake. Katika bonde la Usangu, China ilisaidia kujenga shamba la serikali la Mbarali katika miaka ya 1970, lenye mifereji ya umwagiliaji na kinu cha kukoboa. Baadaye, mwaka 1988, ulifunguliwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, nao kwa msaada wa China, katika milima inayopakana na Ileje. Kila mradi ulikuja na wataalamu wake, na kila kundi la wataalamu lilikuwa na mpishi.

TAZARA ilipokabidhiwa tarehe 14 Julai 1976, behewa la chakula lilikuwa la Kichina kwa mabati na viti, na la Kiafrika kwa sahani. Abiria wa treni ya Mukuba amezoea wali au ugali kwa kuku, nyama au samaki, na baada ya Nakonde, upande wa Zambia, ugali huohuo unaitwa nshima. Reli iliyojengwa na taifa lenye mapishi mengi kuliko karibu taifa lolote haikuwahi kuwauzia abiria wake hata kikapu kimoja cha baozi kama desturi. Hiyo ni nafasi iliyopotea, maana safari ya siku mbili ina njaa ya kutosha.

Mgahawa wa Kichina hasa, wenye mlango wa barabarani na mteja yeyote anayeweza kuingia, ni habari ya Dar es Salaam na Zanzibar. Visiwani, familia chache za Kichina zilikuwapo kabla ya uhuru, zikijishughulisha na biashara ya majongoo bahari, ambayo hukaushwa na kusafirishwa kwenda kuwa kitoweo cha karamu huko China. Upande wa Bara, ongezeko kubwa lilikuja baada ya uchumi kufunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Wafanyabiashara wa Kariakoo, makampuni ya ujenzi na familia zao walihitaji pa kula, na wapishi wakawafuata. Hao walikuja kwa riziki yao wenyewe, na ndiyo maana walibaki.

Mlo katika mgahawa wa namna hiyo una taratibu zake. Meza ni ya duara, sahani huwekwa katikati na kila mtu huchota. Aliyezoea kula na wenzake sinia moja la pilau hatapata shida, isipokuwa ya vijiti, na kijiko hakikatazwi. Chai huja kwanza, bila sukari wala maziwa. Samaki wa mvuke huletwa mzima, kichwa na mkia, akiwa amewekewa tangawizi na majani ya kitunguu, kisha hunyunyiziwa mchuzi wa soya na mafuta ya moto yanayolia mezani. Ubora wake haufichiki: kukaanga kunaweza kumsitiri samaki wa jana, mvuke humfichua mara moja. Wapishi wa Guangdong humpima mwenzao kwa samaki huyo. Yai la mvuke, lililopigwa na maji na kuiva polepole hadi likawa laini kama maziwa mgando, ndilo linalowashangaza zaidi wageni. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu baozi ikifungwa haionyeshi kilichomo, na mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye vyakula vya mboga. China ina mamilioni ya Waislamu wenye mapishi yao halali, wakitumia kondoo na ng'ombe, lakini si kila jiko hufuata njia yao.

Tanzania haikuwa ngeni kabisa kwa mvuke. Wali unapokaribia kukauka, mpishi hupalia: hupunguza moto chini, huweka makaa juu ya kifuniko, na mvuke uliofungiwa ndani humalizia kazi. Wanyakyusa, jirani wa Songwe upande wa mashariki, wana majani ya mgomba ya kutosha kufungia chochote, na Waganda wamelifanya jani hilo kuwa chombo rasmi cha kupikia luwombo na matoke. Hata chakula mashuhuri zaidi kinachouvuka mpaka wa Tunduma kinahusiana na mbinu hiyo. Ni kikande, ambacho Wazambia wanakiita chikanda: viazi vya okidi za porini vilivyotwangwa na karanga na pilipili, vikapikwa taratibu kwa moto wa chini na makaa juu hadi vikashikana. Mahitaji ya Zambia yalikuwa makubwa kiasi kwamba watafiti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walikadiria kuwa viazi hivyo kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka nyanda za juu kusini kila mwaka. Ulinzi wa okidi ni miongoni mwa sababu zilizoifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kikande kilivuka mpaka kwa sababu kulikuwa na mnunuzi upande wa pili. Baozi haikuwahi kumpata huyo.

Tunduma ya sasa ina wanunuzi wa kutosha. Mji ulihesabiwa kuwa na watu karibu laki moja mwaka 2012 na zaidi ya laki mbili mwaka 2022. Songwe ikawa mkoa kamili mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, na kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Malori ya shaba na ya mizigo ya Kongo hupanga foleni, na madereva hula kwa mama lishe: wali maharage, chipsi mayai, nyama choma. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, jambo linaloashiria kurudi kwa wajenzi, na bila shaka kwa wapishi wao.

Mahitaji yote ya jiko la mvuke yanapatikana jirani. Mchele upo Usangu na Kyela, samaki wanatoka Ziwa Rukwa, chainizi inauzwa kwa mafungu katika kila genge, na soya, mama wa mchuzi ule mweusi, inalimwa Mbeya na Songwe na tangu mwaka 2020 imeruhusiwa kuuzwa China. Unga wa ngano na hamira vipo kila duka. Anayetaka kujaribu nyumbani akande unga kama wa maandazi, apunguze sukari, auache uumuke mara mbili, kisha atandike jani la kabeji chini ya kila donge ili lisigande. Maji yawe yamekwisha kuchemka kabla ya chakula kuingia. Donge ambalo pwani huiva kwa dakika 15 liongezewe dakika tatu au nne Tunduma, na kifuniko kisifunuliwe katikati, kwa sababu unga hunywea na hauinuki tena.